Kwenda kwa wakwe Toscana kwa gari: kutoka Fiumicino hadi mezani

Kila masika yakianza, maswali huja yale yale. Leseni yangu inakubalika Italia? Nitaweza kuendesha upande wa kulia? Hiyo ZTL ni mdudu gani? Na lile la mwisho, linaloulizwa kwa sauti ya chini: nikifika mezani kwa wakwe nami situmii nguruwe, nitafanyaje?

Majibu nimeyakusanya hapa. Mwongozo huu ni wako wewe uliyeoa au kuolewa na Mwitaliano, au dada yako ndiye aliyeolewa huko, na sasa mmeitwa chakula cha mchana cha Jumapili huko mashambani. Sisi wa Malindi na Watamu, Waitaliano si watu wa mbali. Tumekaa nao tangu siku za roketi za San Marco pale Ngomeni, miaka ya 1960. Ila tunawajua wakiwa kwetu, wamevaa kaptula na hawana haraka. Kwao wana ratiba, na ratiba yenyewe inaanzia jikoni.

Nitatumia njia moja: kutoka uwanja wa ndege wa Fiumicino, nje ya Roma, hadi nyumba ya shambani karibu na Asciano, kusini-mashariki mwa Siena. Kama wakwe zako wako mkoa wa Umbria au Marche, badilisha majina ya miji. Mengi ya haya yatabaki vilevile.

Kabla hujaanza: vitu vya kuwa navyo

- Viza ya Schengen. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima na euro 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11. Wa chini ya hapo halipi. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na yasipungue siku 15. Usingoje hizo siku 15. Utahitaji bima ya safari ya angalau euro 30,000 na barua ya mwaliko, lettera d'invito, iliyotiwa saini na mwenyeji pamoja na nakala ya kitambulisho chake. Kama wewe ni mke au mume wa raia wa Italia, sema tangu mwanzo na uonyeshe cheti cha ndoa, kwa sababu utaratibu wako ni tofauti.
- Leseni na kibali cha kimataifa cha udereva. Leseni ya nyumbani peke yake haitoshi. Polisi wa Italia wanataka iambatane na kibali hicho au tafsiri rasmi ya Kiitaliano. Kenya kibali hutolewa na AA ya Kenya, Tanzania na AA ya Tanzania. Kichukue kabla ya kuondoka, maana ukishafika huko umechelewa.
- Kadi ya mkopo yenye jina la dereva. Si ya mume, si ya shemeji. Kampuni nyingi za kukodisha magari hukataa kadi ya kawaida ya benki kwa ajili ya amana. Hapa ndipo safari nyingi hufia, kaunta, mizigo ikiwa mkononi.
- Laini ya data ya simu (eSIM ni rahisi kuliko kuhangaika dukani na pasipoti) na ramani ya Lazio, Umbria na Toscana uliyoipakua kabisa, ifanye kazi bila mtandao.
- Pini ya mahali nyumba ilipo, iliyotumwa na mtu aliye ndani ya nyumba hiyo. Si anwani. Sababu utaiona hatua ya 8.
- Zawadi zinazopita forodha. Kahawa, chai ya Kericho, karafuu na iliki za Unguja, korosho, kikoi, leso: beba. Nyama na maziwa ya aina yoyote kutoka nje ya Umoja wa Ulaya hairuhusiwi, hata nyama kavu ya bibi. Matunda mengi yanadai cheti cha afya ya mimea. Nazi, ndizi, nanasi na tende zimesamehewa, lakini embe halimo. Najua ngowe zako ni tamu; ziache.

Hatua kwa hatua

1. Panga safari ukianzia saa ya chakula, kisha rudi nyuma.

Ukialikwa "all'una" maana yake ni saa saba mchana, na tambi hutiwa kwenye maji yanayochemka kwa hesabu ya kufika kwako. Kuchelewa dakika kumi si neno. Kuchelewa saa nzima ni kumfanyia mama mkwe tambi zake uji, na atalikumbuka hilo arusi ijayo.

Sasa, barabara ya mashambani ya Toscana kazi yake ni kukuchelewesha. Kila kona ina kilima, kila kilima kina mvinje uliosimama peke yake, na kila mtu ndani ya gari anataka picha. Kwa hiyo kosa la kwanza na kubwa ni kutua asubuhi ukataka kufika kwa wakwe mchana huohuo. Umekesha ndegeni, gari hulijui, upande wa barabara umegeuka. Tua Jumamosi asubuhi, lala njiani, fika Jumapili. Mpango wangu ni huu: Jumamosi Fiumicino, Orvieto, kulala Bolsena, Jumapili njia ya Cassia hadi Asciano.

Wakati wenyewe? Mei na mwanzo wa Juni ngano bado kijani na mipopi myekundu imejaa kando ya njia. Julai vilima ni dhahabu. Agosti mavuno yamekwisha, ardhi ni kahawia, joto kali, na tarehe 15, siku ya Ferragosto, nchi karibu nzima imefunga na kwenda pwani. Kama mwaliko si wa Agosti, usiupeleke Agosti.

2. Kodi gari dogo.

Vijiji vya huko vilijengwa kwa ajili ya punda. Gari la ukubwa wa Vitz linatosha watu wanne wasio na mizigo ya harusi. Kama hujazoea gia za mkono wa kulia, kodi la otomatiki, na uliagize mapema kwa sababu ni machache na bei yake iko juu.

Soma kiasi kinachoitwa franchigia: hizo ndizo fedha zitakazokutoka mfukoni gari likikwaruzwa, hata kama "bima imo". Aliye chini ya miaka 25 huongezewa malipo. Mtoto ambaye hajafika sentimita 150 lazima awe na kiti chake, na wa chini ya miaka minne kiti kiwe na kifaa kinachopiga kelele akisahauliwa ndani ya gari. Kiagize pamoja na gari.

3. Usitoke kwenye maegesho kabla ya nusu saa kupita.

Piga picha za gari pande zote, magurudumu, kioo cha mbele na kipimo cha mafuta. Hakikisha buti ina pembetatu ya tahadhari na fulana inayong'aa. Vyote ni vya lazima. Angalia kama tangi ni la petroli au dizeli, ulipige picha hilo neno lililo ndani ya kifuniko.

Kisha kaa upande wa kushoto wa gari na ujifunze kwa mikono. Pedali ni zile zile kwa mpangilio ule ule. Gia imehamia mkono wa kulia. Zunguka maegesho mara kadhaa, rudi nyuma, egesha. Watu wa Kigali, Bujumbura na Bukavu hatua hii mtaicheka; sisi tunaoendesha kushoto tunaihitaji.

4. Kaa kulia, na uweke kichwani sheria hizi chache.

Dereva awe karibu na mstari wa katikati ya barabara daima. Ukijikuta umekaa upande wa majani, uko upande usio wako. Hatari kubwa haiko barabara kuu yenye magari, maana huko utawafuata wenzako. Iko asubuhi na mapema, unapotoka kituo cha mafuta au lango la hoteli na barabara ni tupu. Hapo mkono hukumbuka Mombasa. Abiria wa mbele apewe kazi ya kusema "kulia" kila mnapoingia barabarani.

Kwenye kipilefti mnazunguka kinyume na kwetu, na kwa kawaida wanaotoka kushoto, walio tayari ndani, ndio wenye haki. Kwenye njia panda isiyo na alama yoyote, mpishe anayetoka kulia kwako.

Kasi: kilomita 130 kwa saa kwenye autostrada, barabara ya kasi ya kulipia (110 mvua ikinyesha), 110 kwenye barabara kuu za njia mbili kila upande, 90 kwenye barabara za kawaida nje ya miji, 50 mjini. Jina la mji likitokea kwenye kibao cheupe, umeshaingia mjini, hata kama unaona nyumba tatu na mbwa. Taa za mbele ziwashwe hata mchana unapokuwa nje ya mji. Simu mkononi faini yake huanzia euro 250. Pombe mwisho ni gramu 0.5 kwa lita ya damu, na mwenye leseni ya chini ya miaka mitatu hatakiwi kuwa na hata tone. Baada ya mlo wa Jumapili jambo hili si dogo. Amueni mapema nani atakunywa maji.

5. Autostrada hadi Orvieto.

Kutoka Fiumicino fuata barabara ya mzunguko wa Roma, iitwayo GRA, kisha autostrada ya A1 kuelekea Firenze. Vibao vya kijani ni autostrada, vya buluu ni barabara za kawaida, vya kahawia ni sehemu za utalii. Usiingie Roma. Roma ina siku yake, na siku hiyo uende kwa treni.

Kwenye lango la Roma Nord chukua tiketi. Iweke mahali mtakapoiona, kwa sababu ukiipoteza utatozwa kana kwamba umetoka mbali kabisa. Ukitoka Orvieto utalipa, na kwa umbali huu haifiki euro kumi. Kazi ni kuchagua mlango sahihi: alama ya njano ya Telepass ni ya wenye kifaa cha kulipa bila kusimama, iepuke, buluu ni ya kadi, nyeupe yenye picha ya noti na sarafu ni ya fedha taslimu. Punguza mwendo mapema, soma alama zilizo juu, usihame mlango dakika ya mwisho.

6. Orvieto: gari libaki chini.

Mji umekaa juu ya jabali la mawe ya volkano na hauna haja na gari lako. Egesha Orvieto Scalo, nyuma ya stesheni ya reli, panda reli ya kamba hadi juu. Ukishuka tu, jirani hapo ni kisima cha San Patrizio, kilichochimbwa kwa amri ya Papa Clement VII aliyekimbilia huku Roma ilipotekwa na kuporwa mwaka 1527. Kina cha mita zaidi ya 50, ngazi 248, na ngazi zenyewe ni mbili zinazozungukana bila kukutana: punda aliyeshuka na mtungi mtupu hakugongana na anayepanda na maji. Watoto watalipenda hili kuliko kanisa kuu, ingawa uso wa kanisa hilo, jua la alasiri likiupiga, ni wa kutazamwa.

Hapa ndipo pa kuielewa ZTL. Ni eneo la katikati ya mji ambamo magari yasiyo na ruhusa hayaingii. Alama yake ni duara jeupe lenye ukingo mwekundu, na juu yake kuna kamera. Maneno "varco attivo" maana yake kamera inafanya kazi, usiingie. "Varco non attivo" unaruhusiwa. Hakuna polisi wa kukusimamisha, hakuna kizuizi. Unapita tu ukitabasamu, na miezi baadaye barua inafika nyumbani. Ukiingia mara tatu ukitafuta njia ya kutoka, ni faini tatu. Orvieto, Siena, Firenze na hata vijiji vidogo vina ZTL, na ramani ya simu haikuonyi sikuzote. Kama hoteli yako iko ndani ya eneo hilo, wape namba ya gari waiandikishe, na uwaulize kama wamekwisha kufanya hivyo.

Maegesho nayo husomwa kwa rangi: mistari myeupe ni bure (mara nyingi kwa muda fulani, weka kile kidude cha saa ya kadibodi kwenye kioo), ya buluu unalipia mashine, ya njano si yako.

7. Lala Bolsena, jaza tangi leo.

Kutoka Orvieto ni kama kilomita 20 za kona. Bolsena ni ziwa la volkano, kubwa kuliko yote ya aina hiyo Ulaya, na jioni watu hutembea ukingoni wakila aiskrimu. Hoteli itataka pasipoti na kodi ndogo ya kila mtu kwa kila usiku, ni halali.

Jaza mafuta Jumamosi. Jumapili vituo vya vijijini huwa havina mhudumu, mashine tu. Benzina ni petroli. Gasolio ni dizeli, na hapo wengi hujikwaa kwa sababu linasikika kama jina la petroli huko Marekani. Pampu ya "servito" unahudumiwa na bei inapanda. Ya "self" unajihudumia.

8. Jumapili: Cassia, halafu nyumba isiyo na namba.

Ondoka saa mbili asubuhi. Ukiiachia simu iamue itakurudisha kwenye A1, njia ya haraka isiyo na lolote la kuona. Iwekee vituo hivi kwa mpangilio: Acquapendente, Bagno Vignoni, San Quirico d'Orcia, Buonconvento, abasia ya Monte Oliveto Maggiore, Asciano. Bila kusimama ni kama saa mbili na kidogo. Una muda wa kusimama mara mbili. Si mara saba.

Hii ni njia ya Warumi, na baadaye ikawa ya mahujaji waliotembea kwenda Roma. Ukishapita Acquapendente unaingia Toscana na milima inafunguka. Juu kulia, kwenye ncha ya jabali, utaona mnara wa Radicofani. Pale ndipo alipojichimbia Ghino di Tacco, mnyang'anyi wa karne ya 13 aliyewavizia wasafiri wa barabara hii hii. Mnara unaonekana kwa muda mrefu, mbele, kisha pembeni, kisha kwenye kioo cha nyuma, na unaelewa kwa nini alipachagua.

Kutoka hapo unateremka Val d'Orcia, bonde lililoingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2004. Wengi hudhani uzuri wake ni wa asili tu. La. Siena ndiyo iliyolipanga na kulilima wakati wa ustawi wake, na wachoraji wake wakalichora jinsi walivyotaka shamba lililotawaliwa vizuri lionekane. Mashamba unayoyaona yana watu, kwa hiyo usiegeshe kwenye mlango wa trekta la mtu ili upate picha, wala usikanyage ngano. Simama kwenye sehemu zilizotengwa kando ya barabara. Kusimama ghafla kwenye kona ndilo kosa ambalo wenyeji hawalisamehi, na waendesha baiskeli wa Jumapili, ambao ni wengi, watakueleza hivyo kwa mikono. Ukiwapita, waachie mita moja na nusu.

Kituo cha kwanza kiwe Bagno Vignoni. Uwanja wa kati wa kijiji hiki si uwanja. Ni bwawa la maji ya moto yatokayo ardhini. Humo hairuhusiwi kuoga, lakini maji hayo hushuka chini kwenye magofu ya vinu, na pale unaweza kuingiza miguu. Nusu saa inatosha.

Kituo cha pili ni San Quirico, na hiki si cha kutazama, ni cha kununua. Ingia duka la keki, pasticceria, kabla ya saa sita, uombe trei ya "paste miste", keki ndogo za kila aina. Watakufungia kwa karatasi na utepe. Trei hiyo mkononi Jumapili mchana inasema mengi kuliko Kiitaliano chako. Ukipeleka maua, yasiwe krisanthemamu. Hayo ni ya makaburini.

Pienza iko kilomita kumi tu kando, mji ambao Papa Pius II aliujenga upya katika miaka ya 1459 hadi 1464 kwa sababu alizaliwa hapo, na jibini yake ya kondoo inasifika. Kibao kitakushawishi. Usiende leo. Nenda Jumatatu na wakwe. Watafurahi kukuonyesha wao wenyewe, na watajua duka gani la jibini si la watalii.

Baada ya Buonconvento unaiacha Cassia na kupanda kuelekea Monte Oliveto Maggiore, abasia ya matofali mekundu iliyoanzishwa 1313, imezungukwa na misonobari na mivinje. Kuanzia hapo ardhi hubadilika: vilima vya udongo wa kijivu, vimekatwakatwa na mvua, vikavu kama mgongo wa tembo. Ndiyo Crete Senesi. Asciano iko mbele kidogo.

Sasa lile la pini. Anwani ya shambani husomeka "Località" au "Podere" fulani, halafu "snc", yaani haina namba. Simu itakupeleka katikati ya jina hilo, ambapo huenda ni shamba la alizeti. Fuata pini ya mwenyeji. Kilomita ya mwisho itakuwa barabara ya changarawe nyeupe, strada bianca, na dereva wa Kenya au Tanzania hapa hana la kujifunza ila hili moja: mawe yanayorukia kioo mara nyingi hayamo kwenye bima ya kawaida. Kilomita 30 kwa saa zinatosha. Simama kwenye lango, piga simu, ngoja mbwa afungwe.

9. Mezani.

Mlangoni sema "permesso", hodi yao, kabla ya kuvuka kizingiti, hata kama mlango uko wazi na wote wanakuona. Wazee waite signora na signore, na utumie "Lei", yaani "wewe" ya heshima. Kwetu pwani kumwita mavyaa kwa jina lake ni utovu wa adabu. Huko huenda yeye mwenyewe ndiye atakayetaka. Akisema "dammi del tu", amekuruhusu kutumia "tu", "wewe" ya kawaida. Subiri aseme yeye.

Chakula huja kwa mafungu: vitafunio vya mkate, halafu tambi, halafu nyama na mboga, halafu keki. Kosa la wageni wetu wote ni lile lile: tambi ikija wanadhani ndicho chakula chenyewe, wanaongezewa mara mbili, kisha nyama inaingia na hawana pa kuiweka. Kula fungu la tambi kidogo, sifu kwa sauti. Mkate wa Toscana hauna chumvi. Haujasahauliwa, ndivyo unavyookwa.

Kama hutumii nguruwe, usingoje kusema mezani. Mwambie mumeo au mkeo, au shemeji yako, apige simu wiki moja kabla. Kusema mapema ni kumsaidia mpishi, kukataa sahani mbele ya watu ni kumuumiza. Sentensi ni "non mangio maiale", na kwa pombe "non bevo alcolici". Lakini jua kwamba kwa wengi "maiale" ni kipande cha nyama tu. Uliza pia kuhusu prosciutto na salame, nazo ni nyama ya nguruwe, pancetta (nguruwe vilevile) ndani ya mchuzi wa maharage, strutto (mafuta ya nguruwe) ndani ya mikate mingine, na divai ndani ya mchuzi wa nyama. Nyama ya halali mashambani ni shida kupatikana, kwa hiyo omba samaki, mayai au mboga. Pici, tambi nene za kuviringishwa kwa mkono, kwa mchuzi wa nyanya na aglione, kitunguu saumu kikubwa cha bonde la Chiana, ni chakula kamili na hakuna atakayejiona amekupikia cha mgonjwa.

10. Karatasi ya saa 48.

Mwenyeji anayemlaza mgeni asiye raia wa Umoja wa Ulaya anatakiwa kuwaarifu polisi kwa maandishi ndani ya saa 48. Fomu inaitwa comunicazione di ospitalità. Wakwe wengi hawaijui, au wanaona ni jambo la wapangaji. Wakumbushe kwa upole Jumatatu asubuhi, nakala ya pasipoti yako ikiwa tayari, na ubaki na nakala ya fomu iliyogongwa muhuri.

Mambo yakienda kombo

*Umeingia mlango wa Telepass.* Usirudi nyuma hata sentimita moja. Bonyeza kitufe cha msaada, sema "non ho il Telepass". Utapewa karatasi ya deni. Una siku 15 za kulipa.

*Kadi imekataliwa kwenye mashine ya mafuta.* Mashine nyingi hushikilia kiasi kikubwa kabla ya kukuuzia hata lita kumi, na kadi yenye salio dogo hugoma. Fedha hiyo hurudi, ila si siku hiyo. Tembea na noti za euro 20, mashine huzipokea.

*Umetia dizeli kwenye petroli.* Usiwashe injini. Hata kuwasha redio usijaribu. Piga namba ya msaada iliyo kwenye mkataba wa gari.

*Pancha au gari limezima.* Vaa fulana kabla ya kushuka, weka pembetatu mbali nyuma ya gari, abiria wasimame nje ya barabara. Ajali yenye majeruhi ni 112.

*Usiku umekukuta njiani.* Nguruwe pori na paa huvuka bila kutazama, na si mmoja mmoja. Ukiona mmoja, ngoja wenzake.

*Umechelewa.* Piga simu mapema, si saa saba kamili. Sema uko wapi kwa jina la mji. Watahesabu wenyewe dakika na kusogeza sufuria.

*Barua ya faini imekufuata nyumbani.* Kwanza huja makato ya kampuni ya gari kwa kutoa jina lako. Hayo si faini. Faini yenyewe huja baadaye, na kwa anayeishi nje ya nchi sheria inawapa hadi siku 360. Ukilipa ndani ya siku tano tangu kuipokea, faini nyingi hupunguzwa asilimia 30, basi isikae mezani.

*Unarudisha gari.* Jaza mafuta kabla hujaikaribia Fiumicino, weka risiti, piga tena picha za gari pande zote na kipimo cha mafuta, na umwombe mpokeaji atie saini kwamba amelipokea salama. Kama kaunta imefungwa na unatumbukiza ufunguo kwenye kisanduku, picha hizo ndizo ushahidi wako pekee. Zihifadhi mwaka mzima.